Kerneli ya Akiba Niliyoidhania Mwizi

Naomba radhi mapema kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nimeishia darasa la saba, na hata huko darasani nilikuwa wa mwisho kumaliza kunakili. Mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi nikiwa bado katikati. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati nakaa mbele ya kompyuta siku nzima, na kazi yangu ni kuchapa barua za watu. Jibu ni kwamba maneno haya sitaki yakae humo. Kompyuta haisahau. Nimeliona hilo kwa macho yangu, nami nitaeleza lilivyokuwa.

Nafanya kazi kwenye duka la steshenari Ipagala, chumba kimoja chenye baraza ya saruji. Tunatoa fotokopi, tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti. Mwenye duka ni mama mstaafu. Alikuwa mchapaji katika ofisi za serikali Dar es Salaam, akahamia Dodoma ofisi zilipohamia, akastaafia huku huku. Namwita Mama, ingawa mama yangu mzazi yuko Bahi, analima mpunga. Nilianza kwa kufagia na kupanga karatasi. Baadaye nikapewa mashine ya fotokopi, kisha kompyuta. Mwaka ulipopita nikapewa ufunguo wa duka, nikawa nafungua saa moja asubuhi kabla Mama hajafika. Ufunguo ule ndio cheo pekee nilichowahi kupewa na mtu. Nilikuwa nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, chini ya shati.

Mama anasema karatasi ya mtu ni mtu mwenyewe. Fotokopi ikitoka vibaya haitupwi. Inachanwa vipande vinne na kuchomwa kwenye kopo la rangi nyuma ya duka. Sababu yake ni hii: dada mmoja jirani aliitwa polisi kwa laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, laini asiyoijua, na watu walikuwa wametapeliwa kwayo. Aliulizwa fotokopi alitoa wapi. Hakutoa kwetu, lakini Mama hakutulia. Akaanza kuhesabu karatasi zinazoingia na zinazotoka, na mimi nikajifunza kuhesabu pamoja naye. Ukikaa na mtu anayehesabu nakala kila siku, nakala yoyote unayoiona unauliza: hii ni ya nini, na nani anaitaka?

Sasa niseme kuhusu kompyuta. Ni ya mezani, ya zamani, na zamani hizo kila flashi ya mteja ilikuwa inatuletea virusi. Mwanachuo mmoja aliyekuwa anachapisha kazi zake kwetu ndiye aliyetuokoa. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, anayecheka kabla ya kusema, na mimi huniita dogo. Alifuta kila kitu akatuwekea Linux, mfumo wa bure, na virusi vikaisha. Hakudai chochote, aliomba tu tumchapishie kurasa zake. Mama alimshukuru mbele yake. Alipoondoka, Mama akaniambia, "Bure ghali. Tumwangalie."

Nami nikaangalia.

Kila asubuhi nilipowasha mashine, kabla ya picha ya kawaida kutokea, kioo kilikuwa cheusi kwa sekunde tano, na juu yake kulikuwa na mistari miwili ya maandishi meupe. Usipobonyeza chochote, mashine inajichagulia mstari wa kwanza na kuendelea. Mstari wa pili ulifanana na wa kwanza kama pacha, ila ulikuwa na herufi tatu zaidi: l, t, s. Kiingereza sikijui, lakini kunakili najua. Nilizinakili herufi zile kwenye daftari langu kwa muda wa asubuhi mbili, maana sekunde tano hazinitoshi.

Nikaanza kuufikiria mstari ule. Hakuna aliyeuchagua hata siku moja. Ulikuwa humo miezi yote, unakula nafasi kwenye diski, haufanyi kazi. Kitu kinachokaa bila kazi kinangoja nini? Nikajiambia kwamba huu ndio mlango wa nyuma. Sisi tunachapa kwenye mstari wa kwanza, na mstari wa pili unachukua nakala za vitambulisho vya watu unampelekea mtu. Naandika hapa naona aibu, lakini wakati ule jambo lilikaa sawa kabisa kichwani mwangu. Kila nilipomwona mwanachuo akicheka, nilisema moyoni, ndiyo, cheka.

Ningeweza kumuuliza. Sikuuliza, kwa sababu mimi kuuliza kunanishinda. Maneno yananifika kooni yanageuka. Tena kumuuliza ni kumwonyesha kwamba nimemtambua.

Jumanne moja Mama alikwenda hospitali kwa ajili ya presha yake. Nilikuwa peke yangu. Nilifungua programu ile ya kuongeza na kutoa vitu kwenye kompyuta, nikaandika zile herufi tatu, na kitu kikatokea chenye jina lile lile. Pembeni kulikuwa na kitufe cha kuondoa. Mashine ikaniuliza neno la siri, nikaliandika, maana mfunguaji wa duka ni mimi. Ilichukua dakika moja hivi. Kesho yake asubuhi kioo cheusi kilipotokea kilikuwa na mstari mmoja tu. Nilijiona kama askari aliyekamata mtu bila kupiga filimbi. Sikumwambia Mama. Nilitaka siku moja mwanachuo mwenyewe aje, akose mlango wake, na mimi nimtazame usoni.

Zikapita wiki kama tatu. Mvua za kwanza zikawa zinakaribia, ule upepo wa Dodoma wa vumbi jekundu ukaanza kupiga mlango. Mwanachuo alikuwa ameniachia maagizo: alama ya masasisho, yaani ya kuingiza matoleo mapya ya programu, ikitokea, niibonyeze Ijumaa asubuhi wateja wakiwa wachache, kisha niache mashine imalize yenyewe. Ijumaa ile niliibonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Mbingu upande wa mashariki ikawa kama chungu kilichoungua.

Dereva mmoja wa bodaboda hupaki pikipiki yake mbele ya baraza yetu. Yeye huniita Injinia, kwa kunitania. Alipiga kelele, "Injinia, kibao chenu kinaruka!" Nikatoka mbio. Upepo ulikuwa umeng'oa kibao cha bei, na viti vya plastiki vilikuwa vinatembea vyenyewe. Tulivikimbiza wote wawili. Radi ya kwanza ilipiga tukiwa tumeshika kiti kimoja, kila mtu na mguu wake.

Kwa Mama, radi ina taratibu zake. Kila kinachong'aa kinafunikwa, kwa kuwa radi hufuata kioo. Kioo cha wateja wa picha kinafunikwa kitenge. Kompyuta inafunikwa khanga. Na kila waya unachomolewa ukutani, hata wa redio. Watu wengi wa huku hufanya hivyo, na hata kwetu Bahi bibi alikuwa akigeuza sufuria zilale kifudifudi. Kwa hiyo nilipoingia ndani na viti vyangu, khanga ilikuwa tayari imefunika kioo cha kompyuta, na waya wa umeme ulikuwa mkononi mwa Mama, umening'inia kama mkia wa panya.

Nilitaka kusema, Mama, ilikuwa inajisasisha, haikumaliza. Nilifungua mdomo. Radi ikapiga tena, Mama akasema, "Kaa mbali na dirisha," nikakaa mbali na dirisha.

Mvua haikudumu. Tulipofunua khanga na kuchomeka waya, kioo cheusi kilitokea na mstari wake mmoja, kikachagua, kisha yakatoka maandishi meupe mengi yakasimama. Hayakwenda mbele wala nyuma. Nilizima nikawasha mara nne. Maandishi yale yale. Nikachukua daftari nikayanakili, herufi kwa herufi, bila kujua hata neno moja.

"Radi imeingia," Mama alisema.

Dereva wa bodaboda alikuwa mlangoni anakamua koti. "Mama, radi itaingiaje kwenye waya uliouchomoa? Itapiga hodi?"

"Basi nani ameiua?"

"Mimi sijui, mimi ni mtu wa pikipiki."

Mama alikaa. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la khanga, na nilijua anafikiri nini kabla hajasema. "Yule kijana. Alijua itakufa. Aliiweka bure ili siku ikifa nimwite, halafu ndiyo ataje bei." Kisha akanigeukia. "Wewe hukugusa kitu?"

Nilitikisa kichwa. Sikusema hapana, lakini kichwa nilikitikisa, na hilo nalihesabu kuwa uongo.

"Najua hukugusa," alisema. "Ingekuwa wewe, ungekuwa wa kurudi Bahi leo leo, na ufunguo ungeuacha hapo mezani."

Hakunitisha. Aliongea kama mtu anayetaja jambo lisiloweza kutokea. Ufunguo ulikuwa chini ya shati, nikausikia baridi.

Mama alimpigia simu, na mwanachuo akaja Jumamosi asubuhi, begi mgongoni, anacheka. "Shikamoo, Mama. Mashine imegoma?"

"Marahaba. Imegoma au imegomeshwa, utatuambia wewe."

Alicheka, lakini kidogo. Akatoa flashi akaichomeka. Alieleza kwamba ndani ya flashi kuna mfumo mzima, na mashine itaamka kwa huo kwanza, halafu kutoka humo ataingia kwenye diski yetu na kuirekebisha.

"Hiyo flashi imepita kwenye mashine ngapi?" Mama aliuliza.

"Ni ya kwangu, Mama. Haina kitu kibaya."

"Kila mtu ana ya kwake." Akanisogezea kiti. "Wewe kaa hapa pembeni yake. Andika kila anachobonyeza. Hata nafasi, andika nafasi."

"Mama," alisema dereva wa bodaboda kutoka mlangoni, "huyu ataandika mpaka Krismasi."

"Krismasi ya mwaka gani?" mwanachuo akauliza, wakacheka wote wawili.

Nikakaa, daftari mapajani. Mlinzi nilikuwa mimi. Mtu wa kuchungwa nilikuwa mimi vilevile. Mwanachuo alikuwa anachapa haraka, na nilipoomba arudie alirudia bila kukasirika. Alinionyesha herufi kwa kidole. Nilitafuta usoni mwake ile dalili niliyoisubiri, ya mtu aliyekosa mlango wake wa nyuma. Sikuiona. Nikajiambia kwamba wezi wazuri hawana dalili.

"Nimeipata," alisema. "Masasisho yalikatika katikati. Kerneli mpya imeandikwa nusu. Jana umeme ulikatika?"

"Haukukatika," Mama alisema. "Niliuchomoa mimi. Kulikuwa na radi."

"Sawa, hamna kosa. Lakini kwa nini hamkuchagua mstari wa pili?"

"Mstari gani wa pili?"

Akatueleza. Kerneli ndiyo programu ya kwanza kabisa kuamka, inayoongea na vyuma vyote: diski, kibodi, printa. Bila hiyo kompyuta ni sanduku tu. Mwanzoni alituwekea mbili. Ya kwanza ni mpya mpya, inabadilika kila baada ya siku chache. Ya pili ni ya akiba, ile inayotunzwa kwa muda mrefu, ndiyo maana jina lake linaishia na l, t, s. Hiyo haikimbilii mambo mapya, inazibwa matundu tu, miaka na miaka. Ya kwanza ikiharibika siku moja, unachagua ya pili, unaendelea na kazi.

Kalamu yangu ilisimama.

"Sasa hapa," alisema, akikaribia kioo, "ya pili haipo. Mbona haipo? Subirini. Kila kinachowekwa au kutolewa kinaandikwa."

Alifungua faili refu. Mistari ikashuka, kila mmoja na tarehe na saa. Sikujua kwamba kompyuta nayo ina daftari. Alishuka, akapanda, akasimama. "Hii hapa. Imeondolewa. Jumanne, wiki tatu zilizopita. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Mtu ameingiza neno la siri akaiondoa."

"Jumanne ile nilikuwa hospitali," Mama alisema.

Nilingoja anitazame. Hakunitazama. Hapo ndipo paliponiuma kuliko pengine pote, kwamba hata hakunifikiria. Alimtazama mwanachuo.

"Neno la siri unalo wewe."

"Ninalo, Mama, lakini Jumanne asubuhi nina kipindi."

"Uliniambia mwenyewe mashine kama hii mtu anaweza kuiingia akiwa mbali."

"Nilisema inawezekana ikiwekewa mpango huo. Hii sijaiwekea."

"Kama hukuiwekea, saa na dakika zote umezijuaje?"

"Mama, nimezisoma hapo! Zimeandikwa!"

"Zimeandikwa na nani?"

Dereva wa bodaboda hakucheka. Mwanachuo akaanza kuzungusha waya wa simu yake. "Basi, Mama," alisema. "Tafuta fundi unayemwamini. Mimi nilitaka kusaidia tu."

Niseme ukweli, niliona njia. Akiondoka na lawama, jambo lingeondoka naye. Mama angemwita fundi wa mjini, fundi angefuta kila kitu na lile daftari la mashine pamoja, na ufunguo ungebaki shingoni mwangu. Ningekaa kimya tu, na kukaa kimya ndicho kitu ninachokiweza. Mwanachuo alifunga waya, akafungua begi. Alikuwa na mikono mikubwa na kiganja kimoja kilikuwa na wino wa kalamu. Sijui kwa nini wino ule ndio niliouangalia. Nikafikiri kwamba mtu anayemaliza usiku akiandika kazi zake hana haja ya kitambulisho cha mkulima wa Bahi.

Kusema nilishindwa. Nikaandika. Chini ya maneno yote ya mashine niliyoyanakili asubuhi ile, niliandika: Ni mimi nilitoa Jumanne. Niliona iko mbili nikadhani moja inaiba nakala za watu. Kaka hana kosa. Ilinichukua muda. Mwanachuo alikuwa amekwisha kuvaa begi na kufika mlangoni niliponyoosha daftari kwa Mama.

Alivaa miwani. Alisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili midomo ikicheza.

"Ngoja, kijana," alimwambia mwanachuo. Kisha akaniuliza, "Inaiba nakala?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa."

"Na jana nilipokuuliza, ukatikisa kichwa?"

Mwanachuo alichukua daftari akasoma naye. Nilitegemea acheke, maana yeye hucheka. Hakucheka. "Dogo," alisema, "umekaa pembeni yangu saa nzima, Mama ananisema hivyo, unasikiliza tu?"

"Samahani, kaka."

"Injinia," dereva wa bodaboda alisema polepole, "umemfukuza mlinzi kwa kudhani ni jambazi."

Hakuna aliyecheka. Mama alifunga daftari akaliweka juu ya mashine ya fotokopi. Halafu akamgeukia mwanachuo akamwambia, "Mwanangu, nimekukosea. Mimi ni mtu mzima na nimekukosea." Mwanachuo akaangalia chini. Mama alipoona wameelewana, akanionyesha mimi kwa kidole. "Aliyeitoa airudishe. Wewe mfundishe tu. Mikono iwe ya kwake."

Hivyo ndivyo nilivyoweka kerneli, mimi, kwa vidole viwili. Mwanachuo aliunganisha intaneti ya simu yake, akanitajia maneno, nikaandika. Kwanza tuliiweka upya ile iliyoharibika. Kisha akasema, "Sasa ya akiba," nikaandika jina lake lote, kistari, na mwishoni zile herufi tatu. Nilizijua bila kutajiwa. Nilibonyeza kitufe kikubwa, mstari ukaanza kutambaa, pole kama konokono, kwa kuwa mtandao wa simu ulikuwa dhaifu.

Mama hakuwa amemaliza mashaka. "Hao wanaoitunza hiyo ya zamani miaka yote, nani anawalipa?"

"Wengine wanalipwa na kampuni zao. Wengine wanajitolea."

"Kujitolea kuziba matundu ya kitu cha zamani?"

"Ndiyo, Mama."

"Lazima wana jambo," alisema, na mwanachuo akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mimi nilikuwa nawaza kwetu. Bahi, kila mtu anakimbilia mpunga kwenye mbuga, kwa sababu mpunga una bei. Lakini mama yangu hajawahi kuacha kupanda uwele kule juu kwenye mchanga, kipande kidogo kisichopendeza. Mwaka ambao maji hayakuja mbugani tulikula uwele ule mpaka tukauchoka, na mpunga ulikuwa majani makavu. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama uwele ule unakaa pale unangoja nini. Nami mtoto wa nyumba hiyo hiyo niliona mistari miwili nikaita polisi kichwani mwangu.

Mstari ulikuwa umefika nusu mbingu iliponguruma tena upande wa Ihumwa. Wote tulimtazama Mama. Alikuwa amesimama karibu na soketi, na mkono wake ulikwenda kwenye waya. Nikaona vidole vinaushika. Mwanachuo alisema taratibu, "Mama, tukichomoa sasa tunarudi pale pale." Ikanguruma tena. Mama aliuacha waya. Alichukua kitenge akafunika kioo cha picha, akachomoa redio, akachomoa mashine ya fotokopi, akarudi kusimama mbele ya soketi ya kompyuta, mgongo ukutani, kama anayezuia mtu asipite. Khanga aliishika mkononi tu. Alikuwa anasali, midomo ilikuwa inaonekana.

Mvua ilipita mbali. Mstari ukafika mwisho. Mwanachuo aliniandikisha amri ya mwisho, ya kutengeneza upya orodha ya kuamkia, akatoa flashi yake, tukawasha. Kioo cheusi kikatokea, na juu yake mistari miwili.

"Usiguse wa kwanza," alisema. "Chagua wa pili. Akiba usiyoijaribu huwezi kusema unayo."

Nilishusha mshale kwa kidole, nikabonyeza. Maandishi yakapita mengi, moyo wangu ukapita nayo, kisha picha yetu ya kawaida ikatokea. Barua za watu zilikuwa humo zote. Tulichapa ukurasa mmoja, printa ikalia ikautoa. Mama aliushika akaugeuza pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma haukuwa na kitu.

Saa kumi na moja tulifunga. Mwanachuo alikuwa ameshaondoka, na alinipa mkono, lakini hakuniita dogo. Nilifunga kufuli, na nilipogeuka Mama alikuwa amenyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Niliivua kamba shingoni. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, likanichelewesha, naye alingoja bila kunisaidia. Nilimpa. Akautia kwenye pochi yake, akafunga zipu.

"Jumatatu uje saa moja na nusu."

"Nije, Mama?"

"Nimesema uje. Mlango nitafungua mimi."

Mvua zile zimekwisha, mpunga umevunwa, na vumbi limerudi. Bado nafanya kazi palepale. Asubuhi nakaa barazani na dereva wa bodaboda mpaka Mama afike na pochi yake. Ametunga utaratibu wa kiofisi: nikitaka kutoa chochote kwenye mashine, naandika ombi kwenye daftari, "Naomba kuondoa," na sababu, naye anasaini au hasaini. Nimeomba mara tatu. Amesaini mara mbili. Kila Jumatatu naamsha mashine kwa mstari wa pili, nione kama bado unaamka, maana siku hizi ninayemshuku ni mimi mwenyewe. Naye hunitazama kwa pembeni nikifanya hivyo. Sijui anawaza nini. Akifungua pochi kutafuta kalamu, nausikia ufunguo ukigonga sarafu, nami najifanya nasoma kioo.

Mwanachuo anakuja bado kuchapisha kazi zake. Ameanza tena kuniita dogo. Sikumwambia nililisubiri neno hilo.

Wewe unayesoma, nakuomba uniandikie. Karatasi moja inatosha, mpe huyo aliyekupa maandishi haya, itanifikia. Niambie kama umewahi kumshuku mtu au kitu kilichokuwa kinakulinda, ukaharibu, ukakubali kosa lako. Na kama ulinyang'anywa ufunguo wako kwa sababu hiyo, niambie uliomba urudishiwe, au ulinyamaza ukangoja mwenyewe akupe. Mimi nimenyamaza mpaka leo, na sijui kama nafanya vizuri.